Naomba ushauri: kutengeneza kimeng'enya kwa pumba za mahindi

Msagishaji: Wakuu, habari za jioni. Nina mashine ya kukoboa na kusaga hapa Kibaigwa. Pumba wafugaji wananunua, ila msimu wa mavuno bei inaanguka mpaka unaona heri ugawe bure. Nimesoma kwamba kuvu ikiota kwenye pumba hutoa amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, na viwanda vya nguo hukitumia kutoa wanga kwenye vitambaa. Stoo kuna gunia lililolowa, limeota ukungu wa kijani. Naweza kuanzia hapo? Wa kejeli piteni tu.

Mama Maabara: Gunia hilo lifukie, na kuku wasiliguse! Ukungu wa kijani kwenye mahindi unaweza kuwa Aspergillus flavus, wenye sumukuvu. Wewe uko Dodoma, mwaka 2016 watu walikufa huko na Manyara kwa sababu hiyo hiyo. Tafuta mbegu ya kuvu iliyotambuliwa, Aspergillus oryzae kwa mfano. Waulize SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Na pumba zenyewe zipimwe kwanza.

Fundi Trei: Ukipata mbegu, lowanisha pumba kiasi kwamba ukizifinya zinashikana bila kuchuruzika. Zipike kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121, dakika 20, zipoe kabisa ndipo upande mbegu ya kuvu. Tandaza kwenye trei, kina sentimita 2 au 3 tu, maana kuvu hutoa joto lake yenyewe; ukilundika, katikati inajiua. Joto la chumba liwe kama nyuzi 30. Vuna kabla vumbi la mbegu za kuvu halijatanda, na uvae barakoa.

Msagishaji: Nitajuaje kama kimetoka?

Fundi Trei: Loweka pumba zilizoota kwenye maji safi, chuja. Maji hayo tia kwenye uji mwembamba uliopoa, subiri, kisha dondoshea iodini. Ukigeuka bluu, wanga bado upo.

Mzee wa Soko: Kupika mtaweza, mkemia Mjapani Takamine alipata hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani 1894 kwa kazi kama hii ya kuotesha kuvu kwenye pumba za ngano. Mnunuzi ni nani? Kiwanda kinataka nguvu ile ile kila dumu, na maji ya kuchuja huharibika upesi. Ongea na kiwanda kimoja kabla hujanunua hata trei.

Msagishaji: Gunia limeshafukiwa. Gharama ya kupima sumukuvu ikoje, anayejua?