Mbizi ya tatu meno yanagongana: baridi ya maji wakati wa kusi, Malindi

Changu_Mweusi
Assalam aleikum wadau. Naongoza wageni kwenye miamba hapa Malindi, mbizi tatu kwa siku, dakika 50 kila moja, kina cha mita 12 hadi 18. Kompyuta ya mbizi inasoma digrii 25. Suti yangu ya kuzamia ni ya milimita 3, mikono na miguu mirefu, zipu mgongoni, huu msimu wa nne. Mbizi ya kwanza sina shida, ya pili navumilia, ya tatu natetemeka kabla ya dakika ya 30. Wageni wenye suti za unene huohuo wako sawa tu. Ninunue ya milimita 5? Na wazee wanasema nijipake mafuta ya nazi kabla ya kuvaa. Yanasaidia kweli?

Tewa_Jabali
Waaleikum salaam kaka. Usinunue kwanza, pima.

Mgeni anapiga mapezi, wewe unaelea unamngoja. Msuli usiofanya kazi hautoi joto. Na yeye akimaliza mbizi mbili anarudi hotelini, wewe unaingia ya tatu na deni la mbili zilizotangulia. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kushinda hewa, kwa hiyo digrii 25 ya baharini siyo ile ya barazani.

Sasa suti. Neoprini ni mpira uliojaa vipovu vya gesi, na vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisitoke. Suti ikitumika sana vinabonyea visirudi, hasa mgongoni pale mtungi unapoegemea. Chukua kalipa (kile kifaa cha kupimia unene), pima kwenye paja kisha mgongoni, usikaze. Kama huna kalipa, bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba kwa sekunde kumi. Neoprini iliyo hai inajaa upesi, iliyokufa inabaki na kovu. Hata mpya hupungua ukishuka: mita 10 gesi ya ndani inabaki nusu ya ujazo wake, mita 20 thuluthi.

La pili ndilo linalowaumiza wengi. Maji yaliyotulia ndani ya suti hayana neno, mwili unayapasha mara moja basi. Yakitoka na kuingia mengine, unajaribu kupasha bahari nzima. Yanaingia shingoni, yanafuata mfereji wa uti wa mgongo, yanatua kiunoni. Vaa suti, simama wima, mwenzio abane kitambaa juu kidogo ya makalio. Akipata cha kujaza kiganja, hapo una pampu: kila ukiinama na kunyooka inavuta maji baridi na kutema yale uliyokwisha kuyapasha. Suti ya milimita 5 inayopwaya hivyo itakutetemesha vilevile.

Dawa yake ni kujaza ule mfereji. Kutoka suti kuukuu kata ukanda wa sentimita 40 kwa 7, chonga kingo mshazari kwa wembe zisikukwaruze, uugundishe ndani ya mgongo, kando ya zipu. Kama zipu imepita katikati kabisa, ukanda ukae kwenye kile kilimi kilicho nyuma yake. Gundi iwe ya neoprini. Paka pande zote mbili tabaka jembamba, ngoja dakika 10, kwani la kwanza litanywewa na kitambaa. Paka la pili, ngoja mpaka ukigusa haivuti nyuzi, ndipo uanze kukandamiza kutoka ncha moja. Ikishagusana haitoki, kwa hiyo usiharakishe. Iache siku nzima. Fundi cherehani asiipitishie sindano upande hadi upande. Kila tundu la sindano ni tundu la maji.

Mafuta ya nazi hayazuii baridi, utando wake ni mwembamba mno. Yanachofanya ni kuacha ulaini unaokataa gundi siku ya kuziba mshono. Zile dawa za kuchua zinazowasha ndiyo mbaya zaidi: zinafungua mishipa ya damu kwenye ngozi, unahisi joto huku unalipoteza.

BintiMida
Nakubaliana na Tewa, ila mimi ningeanza na kichwa. Mishipa ya kichwani haijifungi kwa baridi kama ya mikononi, kichwa wazi kinavujisha joto mbizi nzima. Tafuta fulana ya neoprini ya milimita 2 au 3 yenye kofia ya kipande kimoja, ivae ndani ya suti. Inaziba shingo na inaongeza unene kifuani na mgongoni, mikono inabaki myepesi. Kwa digrii 25 hiyo inashinda suti nene inayopwaya.

Mambo ya kuangalia: hewa ya miwani hukusanyika utosini na kuivuta kofia juu, basi toboa kitundu kimoja juu kabisa kwa sindano ya moto. Kabla ya kushuka vuta ukingo wa kofia kila upande maji yaingie masikioni, la sivyo hewa itakwama kati ya kofia na ngoma ya sikio na utaumia hata ukisawazisha mgandamizo wa masikio vizuri. Shingo ikikubana hadi ukaona kizunguzungu, vua, usivumilie. Mgandamizo wa mishipa ya shingo unaweza kushusha mapigo ya moyo hadi uzimie.

Ongeza kilo 1 ya madini ya risasi kwenye mkanda wa uzito, kisha jipime mwisho wa mbizi: mgandamizo wa hewa bar 50 mtungini, kina cha mita 5, jaketi ya kuelea haina hewa. Ubaki hapohapo bila kupanda wala kuzama.

Changu_Mweusi
Shukrani sana. Kati ya mbizi tunakaa mashuani saa nzima na mimi sivui suti, nikidhani inanihifadhi joto. Nakosea?

Kipupwe
Unakosea, na huenda hapo ndipo theluthi ya tatizo lako ilipo. Nje ya suti kuna nailoni, nailoni inashika maji, na kusi ikipiga yale maji yanakauka kwa joto lako. Shusha suti hadi kiunoni, jikaushe kwa taulo kifua, mgongo na nywele, uvae koti la mvua lisilopitisha upepo. Kikoi kikavu chini yake kinatosha. Kula kitu cha maana pia: mahamri, viazi, tende. Chai ya tangawizi inafariji, lakini joto la mwili linatoka kwenye chakula. Na usijinyime maji kwa kuogopa mkojo.

Kabla ya kuingia tena, mimina lita moja ya maji ya vuguvugu kupitia shingoni, yajaribu kwanza kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto. Suti ikibana, hayo ndiyo yatakayokaa ndani badala ya ya bahari.

Jambo moja zito. Majaribio ya jeshi la wanamaji la Marekani yaliyotolewa 2007 yalionyesha kuwa mzamiaji mwenye joto akiwa chini, kisha akapata baridi wakati wa kupanda, yuko hatarini zaidi kupata ugonjwa wa vipovu vya naitrojeni. Ndiyo hali yako kwenye mbizi ya tatu. Usiikaribie mipaka ya muda inayokupa kompyuta, ongeza dakika 2 kwenye kituo cha usalama cha mita 5 unapopanda, na ukianza kutetemeka usikoweza kukuzuia, maliza mbizi. Ukifika nchi kavu usikimbilie kuoga maji ya moto papo hapo.

Changu_Mweusi
Nimepima. Paja milimita 2.9, mgongoni 1.7. Kiunoni kiganja kizima kimejaa.

Tewa_Jabali
Basi hiyo imekwisha, gundi haitaiokoa. Chukua ya milimita 3 inayokubana kiunoni, na fulana ya BintiMida ndani yake. Ya zamani usiitupe: ukihitaji ukanda, kata kwenye paja, si mgongoni.