Wanakikundi hawaji kwenye mikutano ya mtandaoni, na wakija wanafunga kamera. Nifanyeje?

MwanaMikoko:
Salaam wakubwa kwa wadogo. Mie ni mratibu wa kikundi cha utafiti wa mikoko hapa Mombasa, chuo tukiache. Tuna wanafunzi wa uzamili, vijana wa nyanjani na washirika wawili walioko Uingereza. Tunakutana mtandaoni kila wiki, kwa muda wa saa moja tu. Watu wamepungua. Anayekuja hufunga kamera na kunyamazisha kipaza sauti, ukimuuliza jambo anajibu "niko", basi. Washirika wa ng'ambo wanabaki kuongea wao kwa wao. Profesa ameanza kuniuliza kama kikundi kiko hai, na mwisho wa mwezi ripoti ya wafadhili inatakiwa. Nafikiria kutangaza kuwa kamera ni lazima, asiyewasha asipate pesa ya bando. Wenye uzoefu, itasaidia? Usingizi umenipaa kwa jambo hili.

FundiWaifai:
Kabla ya kulaumu watu angalia mtandao. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, nilikuwa ndio kwanza nimemwekea mteja intaneti kule Nyali. Alinipigia simu akiniita tapeli, hadi aliposikia habari redioni. Tangu siku hiyo kila mteja namweleza kwanza kuhusu nyaya za baharini. Kwa hilo lako: video hula bando mara nyingi kuliko sauti. Zimeni video, mtasikilizana.

MwalimuMstaafu:
Mimi naona ni adabu iliyopungua. Mtu akikuzungumzisha unamtazama usoni na unamwitikia. Vijana wanalipiwa masomo, wanalipiwa bando, na bado kuonyesha uso ni kazi. Walazimishe. Watakushukuru wakipata ajira.

MamaWawili_Kisauni:
Shikamoo mwalimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Uzamili wangu niliusoma na mtoto wa kunyonya, chumba kimoja, nguo zimeanikwa ndani kwa ajili ya mvua. Msimamizi akasema kamera lazima. Nikatundika shuka nyuma yangu kwa pini, laptopu nikaielekeza hapo. Mtoto anavuta mtandio, pini moja imeshachomoka, na mie macho yote kwenye kile kidirisha chenye sura yangu, naiangalia shuka inavyoteremka. Mtu akiniuliza siku ile kilizungumzwa nini, sijui. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliliandika hili 2021: kujitazama mwenyewe muda wote, kukodolewa macho kwa karibu na kukaa pahala pamoja bila kujinyoosha ni katika mambo yanayochosha watu mikutanoni. Wengine tulilijua kabla ya kulisoma.

BaruBaru:
Bwana mratibu, mwakutana siku gani na saa ngapi?

MwanaMikoko:
Mchana, saa za kazi. Tulipoanza wote walikubali. Tafadhali turudi kwenye kamera.

BaruBaru:
Nimeuliza siku na saa. Mbona wazunguka?

MwanaMikoko:
Ijumaa, saa saba. Lakini shida si hiyo. Nimewaambia anayekwenda msikitini ajiunge kwa simu, asikilize tu akiwa njiani. Na si wote wanaoswali.

ShangaziWaTudor:
Subhanallah! Ijumaa saa saba, Mombasa hii? Saa hiyo maduka ya Mji wa Kale yenyewe yamefungwa. Mtu asikize hotuba ya imamu sikio hili, na ya slaidi zenu sikio la pili? Na asiyeswali pia, wenzake nusu hawapo, ataongea na nani?

Kasuku_wa_Feri:
Jamani, hii ni hekaya. Hakuna mtu anayefanya kazi Mombasa asiyejua Ijumaa saa saba ni nini. Huyu yuko bara kwenye kochi lake, ametunga kisa atuchokoze tugombane. Haya, kama wewe ni mtu wa mikoko kweli, nijibu bila kupekua mtandaoni: Ijumaa ya bamvua, asubuhi, vijana wako huwa wapi?

MwanaMikoko:
Topeni. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, hapa kwetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano za asubuhi, na ndipo unapoweza kufika hadi kwenye mililana, mikoko iliyo mbele kabisa, upande wa bahari. Maji yakianza kujaa wanatoka, wanaosha sampuli na kuziandika majina. Saa saba bado wana matope magotini. Umeridhika?

Na hiyo saa saba hatukuichagua. Ratiba ilifungwa kwa saa nne asubuhi ya Uingereza. Hadi Oktoba kwetu ilikuwa saa sita, watu walikuwa wakihudhuria nusu kisha wanaondoka. Oktoba ilipokwisha kalenda ikasogea yenyewe. Washirika ndio wenye pesa, siwezi kuwaamrisha. Kuna kijana mmoja wa nyanjani, wa ng'ambo ya Likoni, hajaonekana tangu wakati huo. Barua ya kumwondoa nimeshaiandika, bado kuituma tu. Lazima pawe na mfano kwa wengine.

Kasuku_wa_Feri:
Hilo la mililana nimelikubali. Sasa nashuku kitu kingine: wewe ndiye huyo kijana, umevaa kanzu ya mratibu upate watu wa kukutetea.

ShangaziWaTudor:
Na hata akiwa ndiye, jibu litabadilika?

DadaWaMaabara:
Hesabu yake ya saa ni sawa. Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuzipeleka mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Kenya hatugusi saa zetu. Mkutano ukifungwa kwa saa za London, wa kuhama ni wewe, kila mwaka mara mbili, bila kuulizwa. Fungua ule mwaliko kwenye kalenda, badilisha eneo la saa, weka Nairobi. Wa ng'ambo ndio wahame. Saa nane mchana Jumatano, kwao sasa ni saa tano asubuhi, na majira ya joto itakuwa saa sita. Hakuna atakayeumia.

Na kwa nini kila wiki? Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kila baada ya wiki mbili hivi. Kutaneni wiki ya maji mafu, ambapo topeni hapana kazi kubwa. Dakika 40 zinatosha, ndizo Zoom ya bure inazokupa. Wiki ya bamvua watu waandike maendeleo yao kwenye waraka mmoja wa pamoja, kila mtu kwa wakati wake, hata saa sita ya usiku.

Jambo jingine ambalo hujalitaja: mwaongea lugha gani? Mimi nina mashaka ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho, kwa ajili ya watu wawili. Kijana anayejua kila shina pale mkononi mwa bahari atakaa kimya, si kwamba hana la kusema. Mwache aongee Kiswahili, mwanafunzi mmoja awape wageni muhtasari. Uenyekiti uzunguke, hata wa nyanjani aongoze. Ajenda itoke siku mbili kabla. Ukirekodi kwa ajili ya waliokosa, omba ridhaa yao na waambie rekodi itakaa wapi na nani ataiona. Sheria ya Kulinda Data ni ya 2019, na kurekodi sura na sauti za watu kunaingia humo.

MwalimuMstaafu:
Hilo la Kiswahili naliunga mkono kwa mikono miwili. Saa saba ya Ijumaa sikuijua nilipoandika.

MwanaMikoko:
Ni Kiingereza, ndiyo. Profesa mwenyewe hutaka hivyo. Kesho asubuhi naonana naye, nitampelekea ratiba ya maji mafu na Jumatano saa nane. Nadhani ratiba ataikubali, lugha sijui. Kuhusu kamera bado nina msimamo: zile dakika za salamu mwanzoni mtu awashe, tujuane sura. Wengine hawajawahi kuonana hata mara moja.

MamaWawili_Kisauni:
Salamu sawa, kwa anayeweza. Pesa ya bando usiiguse. Ukimkata bando aliyekosa kuja, wiki ijayo atakuja na nini?

ShangaziWaTudor:
Na barua?

MwanaMikoko:
Iko kwenye rasimu. Haitoki kabla sijaonana na profesa.

BaruBaru:
Usingoje profesa. Mpigie huyo kijana leo, usimwandikie. Muulize Ijumaa hizo alikuwa wapi, umsikilize.

MwanaMikoko:
Saa hizi yuko kwenye foleni ya feri. Nitampigia baada ya Isha.