Mfereji wa mtaa haujatoa tone tangu Maulidi, bustanini maji ya mapambo yanaoza. Hivi Unguja tumefikaje hapa??

Assalam aleikum wanajamvi. Uzi huu naandika nina hasira na sitoificha, mods mkiona lugha imepanda nivumilieni ila msiufute.

Leo saa saba mchana, jua la kaskazi limesimama utosini, nilikuwa natembeza wageni wanne wa Kitaliano, ndo kazi yangu hii mwaka wa kumi na moja sasa. Tumetoka Darajani tukapita Mkunazini tukazama vichochoroni, mmoja wao ni bi mkubwa wa miaka sabini hivi, ana chupa yake ya bati mkononi, maji yamemwishia. Akaniuliza kwa adabu kabisa mfereji wa kujazia uko wapi. Hakuuliza duka, kauliza mfereji, kwa sababu kwao Roma ndo walivyozoea, mtu anatoka na chupa tupu anajua mbele huko atajaza. Basi mimi kwa kuwa wiki iliyopita niliambiwa ule mfereji wa mtaani kwetu umetengenezwa nikajitia kifua mbele, twendeni nikupelekeni. Tumefika pale nimezungusha koki, ikatoa pumzi. Fyuuu, kisha kimya. Nikazungusha tena, kimya. Pembeni kuna kitoto cha skuli kina sare na mkoba mgongoni, kinanitazama, kikanambia "mjomba hautoki huo, mie nshajaribu". Yule bibi akanishika bega akasema haidhuru. HAIDHURU! Mgeni ndo ananiliwaza mimi kwenye mtaa niliozaliwa.

Kwa asiyeujua mfereji wenyewe nieleze ulivyo. Ni kizimba cha saruji kimebandikwa vigae vyeupe, kina koki tatu. Koki ya kwanza haina mkono, imebaki shingo tu. Ya pili imefungwa mfuko na kipande cha mpira wa baskeli. Ya tatu ndo ile inayopumua. Chini pale maji yanapotakiwa yatokee pameziba, pamejaa mchanga, maganda ya machungwa na vifuniko vya chupa za maji ya dukani. Na juu kuna kibao cha marumaru cha siku ya uzinduzi, hicho kizima hakina hata ufa. Siku hiyo ya uzinduzi nilikuwepo jamani, maji yalitoka kwa kasi mpaka yakamrowesha mtu kanzu, kina mama walikuja na ndoo zao, watoto wakaoga pale pale. Umetoa maji miezi minne. Miezi minne tu, kisha basi. Kuanzia Maulidi mpaka leo hii tone hakuna.

Msifikiri nimekaa barazani nalalamika tu bila ya kufuatilia. Nimekwenda kwa sheha, yaani mkuu wa shehia yetu, sheha akanambia jambo hili si lake. Nikenda ofisi ya kwanza nikaambiwa mfereji ule ulijengwa na mradi, na mradi umekwisha, wao hawajakabidhiwa. Ofisi ya pili wakasema kizimba ni chao ila paipu si yao. Ofisi ya tatu kijana hata kichwa hakuinua, andika barua. Nimeandika mbili, moja mwezi ule ule wa Maulidi na nyengine Mfunguo Nane, yaani miezi miwili baadae, majibu mpaka leo sina. Mwisho nikatafuta fundi kwa pesa yangu, akafuatilia paipu mpaka barabarani, akaniita, njoo uone. Valvu imefungwa! Maji yapo pale chini, yamefika, yamesimama hatua thelathini kutoka kwenye koki. Ndo nikaja kujua kisa chake, mita ilifungwa kwenye mfereji lakini akaunti haikuandikwa jina la mtu wala la ofisi, bili ikawa inakuja haina wa kuipokea, deni likapanda, mtu akaja akafunga akenda zake. Yaani mtaa mzima, na wazee, na watoto wa skuli mbili, wamekatiwa maji kwa kuwa kwenye karatasi hakuna mwenyewe. Walipokuwa wanabandika vigae walijua nani wa kukata utepe, hawakujua nani wa kulipa bili??

Sasa kinachoniuma zaidi, na hapa naomba mnisome vizuri, maji ya bure njiani si kitu tulichoiga jana kwa Wazungu. Wageni nawahadithia kila siku mpaka nimehifadhi. London mfereji wao wa kwanza wa kunywea watu barabarani ni 1859, na ulikuja baada ya kipindupindu kuwamaliza. Paris walipata vile vya chuma vya kijani mwaka 1872, alivitoa Richard Wallace kwa pesa yake baada ya mji kuzingirwa vitani na watu kuhangaika na maji. Roma ile mifereji yao wanayoiita nasoni, yaani pua kubwa, ilianza 1874, na leo ipo kama 2,500, maji yanatoka usiku na mchana, ukiziba mdomo wa chini kwa kidole yanaruka juu kwenye kitobo unakunywa bila ya kuinama. Na sisi je? Sisi mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Unguja. Mwaka huo huo wa 1870 akakaa kitini Sultani wetu Sayyid Barghash, ambae kabla ya hapo alishapelekwa uhamishoni Bombay kule Bara Hindi baada ya kushindwa kumng'oa nduguye Majid aliekuwa sultani, akauona mji mkubwa unavyokwenda. Akaja akavuta maji ya chemchem kutoka huko kaskazini ya mji, yakateremka yenyewe kwa mfereji mpaka Mji Mkongwe, na watu wakayateka BURE. Hiyo ni miaka ya 1880 kabla hajafa 1888. Hebu zipangeni hizo tarehe. Paris, Roma, Unguja, wote ni kizazi kimoja! Wale wenzetu wawili mifereji yao inatoka mpaka leo, na ikiharibika kuna mtu anakuja na spana. Mimi nasimama na wageni Hamamni nawaambia hapa alijenga Barghash watu wa mji waoge, nawapeleka Marahubi, kwenye magofu ya jumba lake nje ya mji, nawaonesha pale maji yalipokuwa yakipita, halafu tunarudi mjini naona haya kuulizwa maji ya kunywa yako wapi.

Na hata kabla ya Barghash wazee wetu walikuwa na neno lake, sabili, yaani maji ya kunywa ya bure kwa mpita njia. Bibi yangu mimi alikuwa na mtungi barazani, umefunikwa kawa, kata ya kifuu imelazwa juu yake, anaejaza ni yeye kila asubuhi baada ya sala. Anaepita anakunywa anakwenda zake, humjui hakujui. Maji yale yana harufu ya ubani kidogo maana mtungi ulifukizwa, mpaka leo nikinusa ubani koo yangu inataka maji. Tulisomeshwa chuoni, chuo cha Kurani, kuwa sahaba Saad bin Ubada alipofiwa na mamake alimuuliza Mtume sadaka gani bora, akaambiwa maji, akachimba kisima. Watu tuliolelewa hivi ndo leo tunaacha mfereji umefungwa valvu miezi yote hii?

Bustani nako ndo msiseme. Kuna bustani moja mjini siitaji jina, wameweka yale maji ya kurukaruka ya mapambo, bwawa la duara na taa za rangi. Yale maji si ya kunywa, ni maji yale yale yanazungushwa na pampu, kwa hiyo yanataka umeme, yanataka kusafishwa na kutiwa dawa. Pampu ilipokufa wakaacha bwawa na maji yake ndani. Juzi nimekwenda na mwanangu nimechutama ukingoni nikatazama, maji ya kijani kama mchicha uliosagwa, na viluwiluwi vya mbu vinacheza juu, vingi, ukitia kivuli vyote vinazama pamoja vinarudi tena. Wiki moja hivi au siku kumi kiluwiluwi kishakuwa mbu anaruka. Unguja tumepigana na malaria miaka na miaka, watu wamepita nyumba kwa nyumba kupiga dawa, vyandarua vimegaiwa, mpaka ugonjwa umeshuka sana, halafu katikati ya mji tunafuga mbu kwenye bwawa la vigae watoto wakicheza pembeni! Na bustani nzima hiyo, kubwa vile, hakuna koki hata moja ya mtoto kunywa maji. Pesa ya pampu na taa za rangi ilipatikana, ya koki haikupatikana.

Mtasema nakuza mambo. Mwaka 2016 mmesahau? Kipindupindu kilipopamba moto mpaka skuli zikafungwa na vyakula vya barabarani vikapigwa marufuku. Kina mama wauza juisi na urojo walikaa nyumbani hawana kitu. Au ile miezi mitatu ya kiza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme kutoka bara ulipoharibika, pampu zikalala, mji mzima ukarudi visimani. Mimi nilikuwa kijana nabeba madumu mawili mawili kutoka kisima cha msikitini mpaka juu ghorofa ya tatu, mikono ilichubuka mpaka nikawa nafunga kitambaa. Wakati ule kila mtu alisema tumejifunza. Tumejifunza nini kama leo ndani ya Mji Mkongwe hakuna pahala pa hakika pa kuteka maji siku mambo yakiharibika?

Sasa hivi pale mtaani dumu la lita 20 linaletwa na rikwama kwa shilingi 500. Jirani yangu ni mjane, ana watoto na wajukuu, wanatumia madumu matano kwa siku na hapo wanajibana. Hiyo ni 2,500 kwa siku, 75,000 kwa mwezi, mtu anaeuza mandazi! Mwenye tangi juu ya paa na pampu yake haioni shida hii, analipa bili ya mwezi mambo yamekwisha. Asie na kitu ndo anaenunua maji ghali kuliko wote, kwa dumu, mkononi.

Najua kuna watakaokuja hapa na ile yao ya "wananchi ndo wanaharibu miundombinu". Koki ile ya kwanza imekatika mkono ndio, ilikuwa koki nyepesi ya kutilia nyumbani, umeifunga pahala panapotekwa maji na watu mia kwa siku unategemea nini? Msikitini kwetu koki za birika la kutawadhia ni za shaba nzito, zinafunguliwa mara tano kwa siku na watu mia na zaidi, mwaka wa ishirini huu hazijabadilishwa ila washa tu, kile kipira cha ndani ya koki, na washa anatia muadhini mwenyewe kwa mkono wake. Hapo utaona kuwa watu si waharibifu, pale pana mtu anaejua ni kazi yake.

Na wa "maji yana gharama, ya bure yamekwisha" nawaambia hivi, tangu ile Sheria ya Maji ya 2006 tumeambiwa tulipe na majumbani tunalipa. Simwambii mtu anipe maji ya kuoshea gari bure. Nazungumzia koki tatu za mtaa na koki ya kunywa bustanini. Mji unaopokea wageni wote hawa, kila mmoja analipia kuingia huku na kule, haushindwi na bili ya koki tatu.

NYONGEZA saa tatu usiku: nimesoma majibu yote, ahsanteni. Mdau alieandika kuwa wageni wana dola zao wanunue chupa, ndugu yangu kitoto kile cha skuli hakina dola. Kilikuwa kinasubiri pale kwa sababu kina kiu na nyumbani ni mbali. Na hizo chupa tunazowauzia wageni zikishanywewa zinakwenda wapi, si ndo hizo zinazoziba mitaro ikifika masika maji yakaingia majumbani mwetu? Kwa hilo sirudi nyuma.

Alieuliza tufanye nini, nimeshazungumza na fundi na majirani sita. Kesho saa nne asubuhi tunakwenda pamoja kwa sheha kisha ile ofisi ya kwanza. Deni kama linajulikana watutajie ni kiasi gani tujue, na akaunti iandikwe jina la ofisi iliyo hai. Na kwenye kizimba nataka iandikwe kwa rangi, herufi kubwa, pale chini ya kibao cha uzinduzi, jina la muhusika na nambari yake ya simu. Hatutoki mpaka tupewe jina. Wa mtaani kwetu mnaosoma hapa mnajijua, njooni na dumu lako mkononi, tupu, kila mtu na lake, tutayapanga pale mlangoni kwao mpaka watoke watuulize ya nini.