Pedali ya breki inashuka baada ya kona tangu kalipa za pistoni nne zifungwe

DiskiPana:
Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada kwenye breki za mbele. Gari lilikuwa na diski za 256 mm na kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) za kuteleza zenye pistoni moja ya 54 mm. Sasa lina diski nene za 300 mm na kalipa zisizoteleza za pistoni nne, kila upande pistoni ya 36 na ya 40, zimekaa kwa braketi za kuongezea. Masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) na busta (inayosaidia mguu kukanyaga) ni zilezile. Nyuma hakujaguswa.

Gari likienda moja kwa moja breki inashika juu, safi kabisa. Likitoka kwenye kona kali au njia ya mashimo, mkanyago wa kwanza pedali inashuka karibu nusu. Mkanyago wa pili inarudi juu, ngumu. Upepo umetolewa na hakuna hata povu. Kuna pia mlio wa "tak" mara moja ninapobadilisha kutoka mbele kwenda rivasi. Na pedi za kushoto zimeliwa mshazari: ya ndani imeliwa zaidi chini, ya nje imeliwa zaidi juu.

Nimeshauriwa nifunge masta silinda kubwa zaidi. Ni kweli hapo ndipo penye shida?

NatiTano:
Mkuu, acha masta silinda kwanza. Piga hesabu. Pistoni ya 54 ina eneo la mm² 2,290. Kwenye kalipa isiyoteleza unahesabu pistoni za upande mmoja tu: 36 inatoa 1,018, 40 inatoa 1,257, jumla 2,275. Ni karibu sawasawa, kwa hiyo mafuta yanayohitajika hayajabadilika. Ukifunga masta silinda kubwa pedali itapanda kidogo, lakini itahitaji mguu mzito zaidi na ugonjwa utabaki palepale.

Dalili zako si za upepo. Upepo unafanya pedali iwe laini kama sponji muda wote. Yako inashuka baada ya kona tu, halafu inarudi ngumu. Maana yake pedi zimesukumwa nyuma na diski. Diski ikiyumba, au habu (kitovu ambacho diski na tairi hufungwa juu yake) ikicheza kwenye kona, inazigonga pedi, pistoni zinaingia ndani, na mkanyago wa kwanza unaishia kuzirudisha. Kalipa za zamani zilikuwa zinateleza, zikiifuata diski inakokwenda. Hizi mpya zimesimama, kwa hiyo kasoro ndogo iliyokuwepo siku zote sasa unaisikia mguuni.

Kabla hujaliendesha tena, hakikisha boliti zote za braketi na kalipa zimekazwa kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo cha aliyetengeneza braketi. Huo mlio wa "tak" unaweza kuwa boliti iliyolegea, na hilo si jambo la kusubiri.

Kisha nyanyua mbele, weka stendi, kanyaga breki mpaka pedali iwe juu, achia. Shika tairi juu na chini, litikise kwa nguvu, halafu mtu akanyage. Pedali ikishuka, beringi ya habu inacheza. Likicheza kushoto na kulia tu, angalia ncha za usukani.

Beringi zikiwa nzima, toa tairi, ifunge diski kwa nati zote (weka washa nene ili zibane), na usimamishe geji ya mshale milimita 10 kutoka ukingoni. Zungusha mzunguko mzima. Kuyumba kwa diski lenga 0.05 mm au chini. Halafu toa diski upime uso wa habu wenyewe.

Mwisho pima nafasi kati ya mwili wa kalipa na diski kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi): ndani na nje, juu na chini. Namba nne kila gurudumu. Zilete hapa.

mzee_wa_upepo:
Naongezea upande wa vifaa vidogo, maana hivyo ndivyo vinavyosahaulika kwenye breki za kubadilishia.

Boliti zikiwa zimekaza na "tak" bado ipo, tazama bati la springi linalokandamiza pedi kwa juu, na pini zinazopita kwenye pedi. Pedi lazima iwe na nafasi kidogo ili isikwame. Kazi ya springi ni kuzuia ile nafasi isipige kelele. Bati likikosekana au likifungwa kichwa chini, kila ukibadilisha mwelekeo pedi inahama na kugonga ukuta wa kalipa. Pini yenye ngazi iliyochimbwa na pedi, badilisha. Usiisugue kwa msasa ukairudisha.

Hakikisha pia kalipa ya kulia haiko kushoto. Nipeli ya kutolea upepo iwe juu. Pistoni ya 36 ikae pale diski inapoingia kwenye kalipa gari likienda mbele, ya 40 pale inapotokea. Zikigeuzwa, pedi zote mbili zinaliwa mshazari kuelekea upande uleule. Za kwako zimeliwa kinyume, moja chini na nyingine juu, kwa hiyo hapo ni kalipa iliyokaa upande dhidi ya diski.

DiskiPana:
Shukrani sana wakuu. Boliti zimekaza kwa kipimo, beringi hazichezi. Bati za springi hazikuwepo kabisa, nimeagiza. Nipeli ziko juu, pistoni ziko sawa.

Kushoto: kuyumba kwa diski 0.14 mm, uso wa habu 0.02. Nafasi ya kalipa: juu ndani 4.9, juu nje 3.7, chini ndani 4.3, chini nje 4.3.
Kulia: diski 0.05, nafasi ndani 4.4, nje 4.2, juu na chini sawa.

Braketi imekaa uso wa nje wa nako (chuma kinachobeba habu na kalipa).

NatiTano:
Namba nzuri, zinajieleza. Kulia usiguse.

Kushoto, 0.02 ya habu inakua ukifika kwenye ukingo wa diski, takriban mara mbili, kwa sababu uko mbali zaidi na katikati. Hiyo ni kama 0.04. Iliyobaki inatoka kwenye diski au kilichobanwa nyuma yake. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya, hasa ule mduara mdogo unaozunguka kila stadi (boliti ya gurudumu), kutu hupenda kujificha pale. Toa rangi yote kwenye uso wa ndani wa diski unaogusa habu. Ikibaki juu ya 0.05, ihamishe diski stadi moja mbele, pima, rudia mpaka umalize nafasi zote tano, uchague iliyo ndogo. Weka alama ya chaki. Hakuna nafasi inayofaa? Diski irudishwe au ichongwe ikiwa juu ya habu.

Kalipa sasa. Juu imeingia ndani kwa 0.6 mm (4.9 toa 3.7, gawa kwa mbili), chini iko katikati. Usikimbilie kuweka shimu (kibati chembamba cha kujazia nafasi) juu peke yake. Ninachokiona ni kwamba kuna kitu kinaisukuma braketi nje kwenye boliti ya chini: tone la rangi, au nundu ya chuma kwenye nako. Rangi nene ikibanwa inasagika taratibu na boliti inalegea bila mtu kuigusa. Ifungue, uikwangue mpaka chuma kwa chuma. Ukifunga tena utakuta pengine juu na chini zote ni 4.9 kwa 3.7. Hapo ndipo unaweka shimu ya 0.6 kwenye boliti zote mbili, kati ya nako na braketi, ili kalipa itoke nje. Pima kwanza ndipo ukate shimu.

mzee_wa_upepo:
Shimu iwe ya chuma, moja kila boliti, yenye upana wa kukalia kama washa. Usipange washa tatu nyembamba. Na shimu inakula hesi (nyuzi za boliti): boliti ya M12 ikiingia kwenye alumini iwe na angalau mm 18 ndani, kwenye chuma mm 12.

Hizo pedi zilizoliwa mshazari usizirudishe. Zitaikalia diski kwa pembe na pedali itaendelea kuwa ndefu hata kalipa ikinyooka. Weka mpya pande zote mbili za gari. Ukilazimika kufungua mpira wa breki, tumia washa mpya za shaba, mbili kwa kila boliti. Baada ya kilomita 100 hivi rudia spana ya toki kwenye boliti za braketi na upime tena diski ya kushoto.