Kuta zilizolowa katika nyumba kongwe ya Zanzibar: tuanzie wapi?

Mkaazi wa Kiponda
Assalaam alaykum. Nyumba yetu ya urithi iliyopo Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nayo imelowa kutoka chini hadi usawa wa kifua. Lipu ya saruji iliyopigwa zamani inavimba na kubanduka, na nyuma yake kuna unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Tumeshauriwa tupige saruji nzito zaidi yenye dawa ya kuzuia maji. Je, inafaa?

Fundi wa Chokaa
Waalaykum salaam. Nakuombeni sana msikubali. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na hunyonya maji ya ardhini, lakini ukuta wa chokaa huyatoa tena kwa upepo. Saruji inapoiziba njia hiyo, maji hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo huganda chembechembe nyuma ya lipu na kulimung'unya jiwe lenyewe. Bandueni saruji taratibu kwa patasi, mpite kidogo alama ya unyevu, mwondoe chumvi kwa brashi kavu bila kuosha, kisha uacheni ukuta ukauke, ikiwezekana msimu mzima wa kaskazi. Lipu mpya iwe ya chokaa iliyorowekwa, sehemu moja kwa tatu za mchanga usiotoka baharini, na juu yake mpake chokaa, si rangi ya mafuta.

Msanifu Majengo
Naafiki, ila kabla ya lipu tazameni nje. Vichochoro vingi vimeinuliwa kila vinapotengenezwa upya, hata maji ya mvua yanauegemea ukuta. Chunguzeni pia mitaro, milizamu na bomba za bafuni, kwani unyevu wa upande mmoja tu mara nyingi ni wa bomba linalovuja. Sindano za dawa ya kuzuia unyevu usipande, zinazotumika Uingereza kwenye kuta za matofali, hazina maana hapa, kwa sababu dawa hupotelea katika mapengo ya mawe. Ombeni kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kuanza. Mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2000.

Mkaazi wa Kiponda
Nashukuruni nyote. Lipu ya chokaa itadumu?

Fundi wa Chokaa
Ya kwanza huenda ikaharibika mapema, kwa kuwa ndiyo itakayoinyonya chumvi iliyobaki ukutani. Ikianza kuchanika, ing'oeni, mpige nyingine ya chokaa vilevile, wala msimruhusu mtu kuziba viraka kwa saruji.