Kwa Mama Tandika: chumba cha mzazi kinatafutwa

*Kikundi: FAMILIA YA TANDIKA. Alhamisi jioni*

Da Mkubwa: Mama shkamoo, ba'mdogo shkamoo, ma'mdogo shkamoo, wengine hamjambo. Naenda moja kwa moja. Mdogo wetu wa Moro anakuja mwezi ujao kujifungulia nyumbani na atakaa mpaka arobaini iishe. Leo nimepita Tandika nikasema ngoja nikafungue kile chumba cha nyuma nione, jamani mlango umefunguka nusu ukagonga friza ukagoma. Mzazi atalala wapi??

Mama: MARAHABA WANANGU. CHUMBA KIPO NI KUPANGA TU

Dogo: mi nalala kwenye kochi toka mwaka jana hamkuuliza nalala wapi 😂

Da Moro: Mi hata sebuleni nalala jamani msisumbuke

Da Mkubwa: Na kitoto kichanga sebuleni kila anayeingia anakuta neti? Tulia wewe

Bro Chanika: Mi naona tuweke stoo pale uani, tofali chache na bati nne, wikiendi mbili tu biashara imeisha

Ba'mdogo Fundi: Uani upi unaousema? Pale kuna choo, kuna simtanki, kuna kamba ya nguo na jiko la mkaa la shemeji. Na shimo la choo mfuniko wake upo hapohapo unapotaka kujenga, siku likijaa gari la maji taka litapitisha mpira wapi, juu ya bati? Hebu kwanza tujue kuna nini humo ndani

Da Mkubwa: Dogo wewe ndo unakaa hapo, taja vilivyomo chumba cha nyuma, vyote, usifiche

Dogo: haya. friza la da mkubwa lile bovu, tv ya chogo, ving'amuzi viwili vya zamani sijui vya nani, maboksi ya viatu vya ile biashara ya da moro, vigae vya bro maboksi saba, simenti mifuko miwili ya bro imeshaganda imekuwa jiwe, godoro moja limesimamishwa ukutani, mabegi ya shangazi kaja sijui mangapi yamepandana mpaka kwenye feni, masufuria ya shughuli ya mama, kasha la mama, baiskeli yangu haina tairi la mbele. nyuma ya mlango kuna mifuko ya rambo imejazwa ndani ya mfuko mwingine wa rambo, na hiyo ilipigwa marufuku toka juni 2019 tutakuja kukamatwa hapa

Mama: HIYO MIFUKO NAFUNGIA VITU MSIIGUSE

Ma'mdogo Nesi: Nimesoma hii orodha mara mbili. Vya dada humo ni masufuria na kasha, basi. Na hiyo mifuko yake. Vingine vyote vina wenyewe, na wenyewe wana nyumba zao Tabata, Chanika na Morogoro. Kwa hiyo msiseme nyumba ya mama ni ndogo. Nyumba ina vyumba viwili na sebule, ila kimoja mmepanga nyie bila kulipa kodi

Bro Chanika: _Ujumbe huu umefutwa_

Dogo: kaka umefuta nini tusome na sisi 😂😂

Bro Chanika: Nilikuwa nasema kule saiti bado sijapata mlinzi, nikipeleka vigae leo kesho nakuta vimejengewa bafu la mtu mwingine

Da Mkubwa: Friza langu sio bovu linataka gesi tu

Ba'mdogo Fundi: Linataka gesi toka lini mwanangu

Da Moro: 🙈🙈

Ma'mdogo Nesi: Na hilo friza kama halifanyi kazi lisikae na mfuniko unaofunga kwenye nyumba ambayo wajukuu wanakuja likizo. Mtoto anaingia kujificha, mfuniko unashuka, hewa hamna na sauti haitoki nje. Ama liende kwa fundi friji wiki hii, ama mfuniko ung'olewe, ama liuzwe chuma chakavu

Da Mkubwa: Sawa ma'mdogo nimekuelewa. Na ile TV?

Dogo: analojia ilizimwa dar desemba 31, 2012. hiyo tv haijaonyesha kitu toka hapo, imewekewa kitambaa na maua ya plastiki

Mama: ILIKUWA YA BABA YENU

Da Mkubwa: Mama tunajua, lakini redio yake ipo na inaimba kila asubuhi. TV ina kilo ngapi ile, inachukua kona nzima

Ba'mdogo Fundi: Mkiitoa msiwaachie wale wa chuma chakavu waipasulie hapo uani wakitafuta shaba. Kile kioo cha nyuma kina madini ya risasi, vumbi lake sio la kuacha pale mtoto atakapotambaa. Iondoke nzima

*Ijumaa*

Bro Chanika: Wazo jingine. Tunatoboa dari tunaweka mlango mdogo, mabegi yote yanakaa juu kwenye kenchi. Nimeona mtu kafanya hivyo Tegeta nyumba yake safi kabisa

Ba'mdogo Fundi: Kenchi za nyumba hiyo nilipiga mimi na marehemu kaka. Zimepigwa kubeba bati, hazijapigwa kubeba mabegi. Siling'i bodi yenyewe imeshikwa na misumari midogo, ukiweka shangazi kaja mbili inakaa kama chandarua, ya tatu inakuletea kitandani. Na joto la chini ya bati mchana huu wa Dar, plastiki inapinda, gundi ya viatu inaachia, na panya wa huko juu wenyewe wanasubiri nguo kwa hamu. Sahau

Bro Chanika: Aya ba'mdogo 🙌

Ba'mdogo Fundi: Nisikilizeni sasa. Chumba ni futi kumi kwa kumi, yaani futi mia za mraba za sakafu. Kitanda cha sita kwa sita peke yake kinakula 36, cha nne kwa sita kinakula 24. Da Mkubwa ulikuwa unataka kumpelekea mdogo wako kile kikubwa chako cha Keko, usipeleke. Mama na kichanga nne kwa sita inatosha na hizo futi 12 ndipo beseni la mtoto na kiti cha kunyonyeshea vinakaa. Halafu tunakinyanyua na matofali, chini yake ndo stoo

Dogo: kama getoni kwa wanachuo

Ba'mdogo Fundi: Hukohuko. Tofali la inchi sita ukililaza kila mguu, mabegi yanaingia

Ma'mdogo Nesi: Hapo nakataa. Kitanda cha mzazi hakinyanyuliwi. Hatujui atajifungua kawaida au kwa kisu, na aliyefanyiwa operesheni kupanda na kushuka kitanda kirefu usiku mara tatu mara nne ni mateso, inatakiwa akikaa nyayo zifike chini vizuri. Nyanyueni cha dada, yeye ndo anacho kirefu chenye nafasi na hana mshono

Mama: MIMI NIPANDE NGAZI KWENDA KULALA??

Dogo: 😂😂😂😂

Da Mkubwa: Mama ni inchi sita tu sio ghorofa

Mama: SAWA ILA MATOFALI YASICHEZE

Ba'mdogo Fundi: Hayachezi shemeji, nitaweka na raba juu yake. Na lingine, shelfu. Mlango futi saba, ukuta unapanda karibu kumi, hapo juu kuna hewa tu inakaa bure. Nazungusha ubao mmoja kuta mbili, sio ule wa kitanda, maana sitaki kitu kimdondokee mtoto. Upana futi moja, mabegi ya nguo za msimu yanakaa huko, mbele unaweka kipande cha kitenge kama pazia, huoni kitu

Bro Chanika: Hiyo naweza kupiga mwenyewe ba'mdogo nina drili

Ba'mdogo Fundi: Drili yako ile ndogo? Pale juu ya mlango unapita kwenye linta, hilo ni zege na nondo, itapiga kelele tu na biti itaungua. Panda juu ya linta au tafuta drili ya nyundo. Fisha, kile kiplastiki kinachoshika skrubu, iingie kwenye tofali lenyewe, ikiishia kwenye lipu shelfu linakaa wiki moja. Na usitoboe wima juu ya swichi au soketi, waya ndo umeshukia hapo, tulipitisha wenyewe

Da Moro: Ubao wa aina gani ba'mdogo? Kabati langu la MDF huku limevimba miguu yote kwa maji ya deki

Ba'mdogo Fundi: Mbao ya kawaida iliyokauka, ipigwe vanishi. MDF ikinywa maji hairudi. Na hilo kabati lako liinue juu ya vipande vya mbao na lisigusane na ukuta, acha hata vidole vinne hewa ipite, kwa unyevu wa huku Pwani nguo zinaota ukungu mgongoni mwa kabati

Da Moro: Mi niko Moro ba'mdogo

Ba'mdogo Fundi: Basi hata huko

Da Mkubwa: Hizo shangazi kaja tumwage zote Jumapili tuchambue. Za kugawa zitoke, zinazobaki zikae kwenye yale maboksi ya plastiki ya kuona ndani, Kariakoo yapo ya kila saizi, ili mtu akitafuta shuka asimwage mabegi sita. Mablanketi ya kipupwe yaingie ndani ya foronya yawe mito ya kochi. Masanduku ya safari matupu yajazwe, sanduku tupu linakula nafasi bure. Nguo zote naweka naftalini

Ma'mdogo Nesi: Za mtoto usiweke naftalini kabisaa. Kuna watoto wana upungufu fulani kwenye damu wa kuzaliwa nao, huku kwetu wapo wengi tu, harufu ile kwenye nguo na shuka inaweza kuvunja damu yao mtoto akawa wa manjano. Za mtoto zifuliwe, zipigwe jua, zipigwe pasi, zikae kwenye boksi lenye mfuniko basi

Ma'mdogo Nesi: Na dada ule mtungi wa gesi nimeuona chumbani kwako chini ya kitanda

Mama: NJE WATAIBA

Ma'mdogo Nesi: Dada gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatoka, inatambaa sakafuni inakusubiri uwashe kibiriti. Na hicho ndo kitanda tunachotaka kujaza mabegi chini

Ba'mdogo Fundi: Nitachomelea kizimba cha nondo jikoni karibu na mlango, kina kufuli na chini kiko wazi. Mtungi unasimama wima. Hilo niachieni

Da Mkubwa: Bado masufuria. Mama mi naomba tuyauze jamani, yale makubwa mawili na yale ya kati, lini umepika pilau la watu mia

Mama: 🎤 _Ujumbe wa sauti, 2:31_

Bro Chanika: Sina bando amesemaje

Dogo: amesema, na hapa nafupisha, kwamba hayo masufuria yamepika ubwabwa wa kila msiba na kila shughuli mtaa huu, kwamba watu wakikodi wanampa hela na hiyo hela ndo luku tunayowasha, kwamba wewe da mkubwa kitchen party yako ilipikiwa humo na hukuyaona yanaziba njia, halafu kuna sehemu amewataja wote kwa majina kamili siwezi kuirudia

Da Mkubwa: Nimekoma mama 😅 masufuria hayatoki

Ba'mdogo Fundi: Hayo yasilale ndani. Nitapiga kichanja chini ya upenu wa jikoni, yanaingiana kubwa mpaka dogo, yanafunikwa kifudifudi, mnyororo unapita kwenye masikio, kufuli

Ma'mdogo Nesi: Kifudifudi ni lazima. Na yale matairi ya Bro uani je? Mvua ikinyesha yanatega maji, na mbu wa dengue anazaa humohumo. 2014 na 2019 Dar tuliumwa tukalazwa, mmeshasahau. Kusafisha ndani kwa kurundika nje sikubali, na mja mzito ndani ya nyumba

Bro Chanika: Matairi nayatoa. Vigae navyo nayatoa

Dogo: navitoa

Bro Chanika: Wewe dogo sahihisha daftari lako la shule

*Jumapili saa nne*

Dogo: 📷 chumba kinaonekana sakafu jamani

Da Moro: Heee!! Ile rangi ya sakafu ni nyekundu? Mi nilijua ni simenti

Dogo: viatu vyako da moro maboksi kumi na moja, vingine vya mguu mmoja. tunafanyaje

Da Moro: Vya mguu mmoja tupa. Vizima mpe jirani mama muuza aweke mezani kwake tugawane

Da Mkubwa: Friza limeondoka na fundi, kasema kompresa imekufa, nimemuuzia. Msiseme kitu

Ba'mdogo Fundi: Hatusemi

Bro Chanika: Nimepata kirikuu ya kupeleka vigae kwa shemeji yangu Gongo la Mboto. Tunachangaje nauli

Da Mkubwa: Tunachangaje kivipi? Vigae vya nani?

Bro Chanika: Basi ile simenti iliyoganda nani anaibeba

Mama: IACHENI NAPONDEA NAZI NJE

Ba'mdogo Fundi: Shemeji ni mifuko miwili ya kilo hamsini

Mama: MMOJA UBAKI