Watoto wa Ik na Tepeth wanaingia bwenini Februari: tuwapokeeje?

wodeni_kaskazini
Habari zenu walimu na matroni. Shule yetu ni ya msingi, ya bweni, iko mjini huku Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Muhula wa kwanza tunapokea watoto kumi na mmoja wa P5 na P6 (darasa la tano na la sita): saba ni Ik wa Kamion, wanne ni Tepeth wa Mlima Moroto, jamii mbili ndogo za milimani. Umri ni miaka 10 hadi 15, wote wanalipiwa na wafadhili. Kundi lililotangulia lilipungua nusu kabla ya Pasaka. Mwalimu mkuu anataka tuwape chumba chao peke yao "wasisumbuliwe". Mimi sijaridhika. Naomba mambo ya kufanya; hotuba tumezisikia za kutosha.

matroni_mkongwe
Mwalimu, chumba cha peke yao kitageuka zizi. Kufikia wiki ya pili kitakuwa na jina la kejeli, na kila kitu kikipotea bwenini wataanza kupekuliwa wao. Lakini pia usimtupe mmoja mmoja kila chumba. Waweke wawili au watatu wa lugha moja pamoja, katikati ya wengine, na kitanda cha jirani kikaliwe na mwanafunzi wa P7 uliyemchagua mwenyewe kwa upole wake. Usimchague kiranja kwa sababu tu ana cheo.

Angalia lugha kabla ya kupanga. Tepeth wengi wa sasa huongea Ng'akarimojong, lugha ya walio wengi huku, nyumbani, kwa hiyo darasani na bwenini wanaelewa. Kiicetot cha Ik hakina undugu na Ng'akarimojong. Mtoto wa Ik anaweza kuijua lugha ya majirani ya sokoni na machungani, lakini akiumwa usiku wa manane maneno yanamwishia. Tafuta mtu mzima mmoja anayeongea Kiicetot, awe mpishi, mlinzi au muuguzi wa kituo cha jirani, na namba yake ibandikwe chumbani kwa matroni.

Sasa usiku, maana huko ndiko wanakotorokea. Wapya wapewe vitanda vya chini. Wengi hawajawahi kulala juu ya deka (kitanda cha ghorofa), na mtoto akianguka mara moja atahamia sakafuni bila kukuambia. Waonyeshe choo mchana, kisha uwapeleke tena gizani kwa tochi, maana njia ya usiku ni nyingine. Acha taa moja ya sola ikiwaka mlangoni.

Kukojoa kitandani kutakuwepo, hata kwa wa miaka 12. Funika godoro kwa karatasi ya nailoni chini ya shuka, mwamshe saa nne usiku na tena saa kumi na moja alfajiri, na uwe na shuka mbili za akiba kwa kila watoto watano. Usimnyime maji mchana. Na lile godoro lianikwe nyuma ya bweni. Likianikwa uwanjani, mbele ya paredi ya asubuhi, umempa sababu ya kutoroka.

Utakuta posho (ugali) imefichwa chini ya godoro. Huo si wizi. Mtoto aliyezoea kula mara moja kwa siku haamini kwamba kesho kutakuwa na chakula. Mpe kopo lenye kifuniko, mwambie kilichomo kiishe kabla ya kulala (panya!), na uhakikishe uji wa saa nne haukosi hata siku moja. Chakula kikija kwa saa ile ile, kuficha hupungua kwenyewe. Fimbo hapa haina kazi, na tangu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 hairuhusiwi shuleni kabisa.

nesi_wa_shule
Naongeza ya afya. Kamion ni juu, kuna baridi na mbu wachache. Mtoto aliyekulia huko hana kinga ya malaria kama wenzake wa tambarare, kwa hiyo ataugua haraka na vibaya zaidi. Chandarua kiwe kimetundikwa kabla hajafika. Akipata homa apimwe siku hiyo hiyo, usisubiri "tuone kesho". Dawa ya mseto ya malaria ni dozi sita kwa siku tatu. Ya pili ni baada ya kupita muda wa saa nane tangu ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Anywe baada ya kula kitu chenye mafuta au maziwa, la sivyo haifyonzwi vizuri. Kinachoharibu ni kwamba siku ya pili homa inashuka, mtoto anarudi uwanjani na vidonge vinabaki mfukoni. Avimeze mbele yako.

Kila muhula ukifunguliwa, wapime mzunguko wa mkono wa juu. Kwa wa miaka 10 hadi 14, chini ya sentimita 16 ni utapiamlo mkali: apelekwe kituo cha afya leo. Kati ya 16 na 18.5 aongezewe chakula na apimwe tena kila wiki mbili. Usishangae muhula wa pili kuwa mbaya zaidi, maana likizo ya Mei huangukia miezi ya njaa kabla ya mavuno.

Upele ukiingia, tibu chumba kizima siku moja, pamoja na nguo na mablanketi. Ukimtibu "yule wa mlimani" peke yake, utakuwa umemtangaza na upele utarudi.

mwl_kisoro
Huku kwetu Kisoro watoto wa aina hiyo ni Batwa, jamii iliyokuwa ikiishi msituni, lakini mengi yanafanana. Kwanza, wafadhili. Godoro la rangi moja, blanketi lenye nembo, begi lenye jina la shirika: mtoto anasomeka kutoka getini kuwa ni wa msaada. Waombe wafadhili wanunue vitu kwenye duka lile lile wanakonunua wazazi wengine, na sanduku la bati lenye kufuli la kawaida. Vifaa vikabidhiwe ofisini. Na mgeni akija kupiga picha, asiwaite kutoka mstarini.

Pili, siku ya wazazi. Wengine wanaletewa kuku na soda, hawa wanakaa nyuma ya darasa. Usiwape kazi jikoni siku hiyo, hata kama wanajitolea. Tenga nauli ya mzee mmoja au mzazi mmoja kwa niaba ya kijiji, aje na salamu za kila nyumba.

Tatu, somo la jamii. Batwa waliondolewa kwenye misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991. Mwalimu akifundisha kwamba waliokuwa msituni walikuwa waharibifu, mtoto anasikia wazazi wake wakitukanwa mbele ya darasa. Kwenu angalieni mnavyofundisha habari za Ik na msitu wa Timu. Majina ya kejeli ya kabila yapigwe marufuku kuanzia kwa walimu. Watoto wanayaokota chumba cha walimu.

Na huyo wa miaka 15 aliye P5: alale na wa umri wake, asipangwe kwa darasa.

wodeni_kaskazini
Asanteni sana. Nimeandika yote. Nina maswali mawili: nitajuaje kama huzuni ni ya kawaida? Na mtoto akitoroka?

matroni_mkongwe
Kulia usiku wiki mbili tatu za mwanzo ni kawaida, mradi mchana anakula na anacheza. Anayekataa chakula siku tatu, asiyeongea hata na wa lugha yake, au anayejiumiza, huyo usimngoje. Mwite mwalimu mlezi na nesi siku hiyo. Ukihisi kuna mtu mzima anayemdhuru, piga Sauti 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Simu ya nyumbani iwe na siku maalum. Kamion mtandao unasumbua, kwa hiyo patana na VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) apande penye mtandao Jumapili saa kumi akiwa na wazazi. Umpelekee salio mapema. Ahadi ya simu ikivunjika, ni heri usingeitoa.

Kutoroka: hesabu saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kwa majina. Akikosekana, ndani ya saa moja piga LC1 wa njia yote ya kwao na polisi, kwa kuwa njia zile zina wizi wa mifugo na silaha. Akirudi, apate maji, chakula na usingizi kwanza. Maswali yaje kesho yake, yaulizwe na mtu mmoja, kwa lugha yake. Mara nyingi utakuta chanzo ni kitu cha wiki ile ile: kuibiwa, kuchapwa, au kufukuzwa darasani kwa kukosa ufagio na ream ya karatasi.

nesi_wa_shule
Wasichana wasisahaulike: pedi za kufuliwa nne kila mmoja, sabuni, na kamba ya kuanika juani mahali penye faragha. Wakianikia chini ya kitanda zinabaki na unyevu na kuwawasha, halafu wanakosa masomo kila mwezi bila kusema kwa nini.

mwl_kisoro
Na kabla ya likizo, panga nauli ya kurudi, si ya kwenda tu. Mpe LC1 tarehe ya kufungua kwa maandishi. Wiki ya kwanza ya muhula mtu atumwe kuwafuata ambao hawajaripoti, hasa wasichana wa miaka 13 na zaidi. Ukingoja wiki ya nne utakuta mahari imeshazungumzwa.